Jiji linapokataa sheria ya kutoa mimba: Marekani, mkono wa serikali ni wa nani?

Ukisikia kwamba jiji la Austin kule Texas limepinga marufuku ya kutoa mimba, una haki ya kushangaa. Jiji linapingaje sheria? Halmashauri gani hapa kwetu ingeita kikao, madiwani wakanyoosha vidole, kisha wakatangaza kwamba kosa fulani la jinai wao hawatalishughulikia? Mkurugenzi angepigiwa simu kabla kikao hakijafungwa. Na hata asingepigiwa, polisi wangeendelea na kazi yao kama kawaida, kwa sababu polisi si wa halmashauri.

Hapo kwenye polisi ndipo fundo lilipo. Tukilifungua hilo, mengine yote yatafuata.

Tuanze na maneno, maana Kiswahili chenyewe kinatuchanganya. Mtanzania akisikia "jimbo" anawaza eneo la mbunge. Jimbo la Marekani ni kitu kikubwa zaidi: lina katiba yake, bunge lake, gavana wake, mahakama zake na sheria zake za jinai. Yako 50. Juu yake kuna serikali ya shirikisho iliyoko Washington, ndiyo serikali kuu ya nchi. Chini yake kuna kaunti, na Mkenya asidhani ni kaunti kama yake. Texas peke yake ina kaunti 254. Halafu yako majiji na miji, yenye meya na madiwani. Na ninaposema kutoa mimba hapa, nina maana ya kuikatisha kwa makusudi, iwe kwa vidonge au kwa utaratibu wa hospitali. Mimba iliyoharibika yenyewe ni jambo jingine, ingawa tutaona jinsi sheria inavyoweza kumgusa hata aliyepatwa na hilo.

Sasa historia, kwa ufupi. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba katiba ya nchi inalinda haki ya mwanamke kutoa mimba. Tarehe 24 Juni 2022 mahakama hiyohiyo, katika kesi iliyotoka Mississippi, ilifuta uamuzi huo. Haikupiga marufuku. Ilisema suala hili lirudi kwa wananchi na wawakilishi wao, na kwa vitendo hiyo ikamaanisha kila jimbo lijiamulie. Majimbo zaidi ya 10 yakapiga marufuku karibu kabisa, mengine yakaweka mpaka wa wiki chache, na mengine, kama California na New York, yakaimarisha ulinzi. Kwa hiyo anayesema Marekani imepiga marufuku kutoa mimba anakosea, na anayesema hakuna kilichobadilika anakosea zaidi. Mwanamke wa Houston, Texas, na mwanamke wa Los Angeles, California, wana pasipoti moja na sheria mbili zisizofanana hata kidogo.

Ndani ya majimbo yaliyopiga marufuku kuna majiji ambayo watu wake wengi hawaitaki. Austin ni mji mkuu wa Texas: bunge la jimbo lililopitisha marufuku na ukumbi wa madiwani wanaoipinga viko umbali wa kutembea kwa miguu.

Huwa tunasema mkono wa serikali ni mrefu. Marekani mikono ni mingi, na kila mmoja una mwenyewe. Mkuu wa polisi wa jiji anaajiriwa na jiji na analipwa kwa bajeti ya jiji. Sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, anachaguliwa na wananchi wa kaunti. Hata mwendesha mashtaka anayeamua kesi ipi iende mahakamani anachaguliwa kwa kura karibu kila mahali, tofauti na kwetu Tanzania Bara ambako DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, ni mmoja tu. Bunge la jimbo linaweza kuandika "miaka 99 jela", lakini mtu wa kufungua jalada, kumhoji daktari na kuchukua rekodi za simu ni mwajiriwa wa jiji. Jiji likimwambia askari wake kwamba wizi na ubakaji vije kwanza, hili liwe la mwisho kabisa, sheria inabaki kitabuni imekosa mkono.

Ndivyo Austin walivyofanya Julai 2022. Hawakuhalalisha chochote, hawana mamlaka hayo. Walichopitisha ni kwamba fedha za jiji zisitumike kukusanya wala kuhifadhi taarifa za watu wanaodaiwa kutoa mimba, zisitumike kuwapeleleza, na upelelezi wa kosa hilo uwe wa chini kabisa katika orodha ya kazi za polisi. Yako mazingira ambayo azimio halikugusa, kwa mfano pale mtu anapolazimishwa au daktari anapofanya uzembe. Linganisha na manispaa inayosema kwamba mwaka huu mgambo hawatawafukuza mama ntilie wa stendi. Sheria ndogo ipo palepale. Mgambo tu ndio hawaendi.

Wasomaji wengi hufika hapa wakahitimisha kwamba basi Austin mambo ni shwari. Si kweli, na hii ndiyo dhana potofu inayoniuma kuliko zote. Kliniki za Austin ziliacha kutoa huduma hiyo kama za Texas nzima. Fikiria daktari. Polisi wa jiji wamesema hawatamfuata. Lakini leseni yake inatolewa na bodi ya jimbo. Mwanasheria Mkuu wa Texas anaweza kumdai faini isiyopungua dola 100,000 bila kumuuliza meya. Na mwendesha mashtaka aliyeahidi kutomshtaki ana muhula; akishindwa uchaguzi, ajaye anaweza kufungua jalada la mwaka juzi. Ahadi ya diwani haizuii hata kimoja kati ya hivyo. Wanasheria wa hospitali wanajua hilo, nao ndio wanaomwambia daktari asubiri.

Machi 2023 kundi la wanawake liliishtaki Texas. Mmoja wao anaishi Austin. Agosti 2022, wiki chache baada ya madiwani kupiga kura ile, chupa yake ilipasuka akiwa na mimba ya wiki 18. Mtoto asingeweza kuishi, na madaktari walijua. Lakini moyo wa mtoto ulikuwa bado unapiga na mama alikuwa bado hajazidiwa kiasi ambacho sheria ya jimbo iliruhusu kuingilia. Wakamwambia asubiri. Walimsaidia baada ya maambukizi kuingia kwenye damu na yeye mwenyewe kulazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Mei 2024 Mahakama ya Juu ya Texas ilikataa ombi la wanawake hao la kupanua msamaha wa kitabibu. Huyu hakuwa na haja na polisi wa kumhurumia. Alihitaji daktari asiyeogopa, na daktari wa namna hiyo jiji halina uwezo wa kumtoa.

Texas yenyewe ilishaona mbali. Mwaka 2021, kabla hata uamuzi wa 1973 haujafutwa, ilipitisha sheria iliyozuia kutoa mimba mara mapigo ya moyo yanaposikika, kwenye wiki ya sita hivi. Utekelezaji wake haukupewa polisi wala mwendesha mashtaka. Ulipewa mtu yeyote yule: jirani, mgeni, hasimu, anaweza kumshtaki kwa madai aliyesaidia mimba kutolewa, na akishinda analipwa dola zisizopungua 10,000. Unaona akili iliyotumika. Jiji likificha mikono yake, mikono ya watu baki iko wazi.

Kwa wanaosoma kutoka Kenya, hapa pana mfano wa karibu. Huduma za afya zimegatuliwa, hospitali nyingi za umma ni za kaunti, muuguzi ameajiriwa na kaunti. Katiba ya 2010, Ibara ya 26(4), inakataza kutoa mimba isipokuwa mtaalamu wa afya aone kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine imeruhusu. Gavana anaweza kununua vifaa na kupanga mafunzo ili kifungu hicho kitekelezwe. Lakini Kanuni ya Adhabu ni ya nchi nzima, na askari atakayemkamata muuguzi hatumwi na gavana. Tanzania ni zaidi ya hapo: sheria ndogo ya halmashauri haiwezi kupingana na sheria ya Bunge. Tofauti moja wengi hawaijui: sheria nyingi za majimbo ya Marekani zinamlenga daktari na msaidizi, zinamwacha mwanamke mwenyewe. Sheria zetu, za Kenya na za Tanzania, zinamtaja na yeye pia.

Jimbo likikataliwa linafanyaje?

New Orleans ndiyo somo bora. Ni jiji ambalo sehemu yake kubwa iko chini ya usawa wa bahari. Mvua ikinyesha maji hayana pa kwenda yenyewe, lazima yavutwe kwa pampu, na waliokuwapo wakati wa kimbunga Katrina mwaka 2005 hawahitaji kuelezwa pampu zikishindwa kinatokea nini. Julai 2022 madiwani walipitisha azimio la kuwataka polisi na waendesha mashtaka wasitumie fedha za jiji kufuatilia kesi za kutoa mimba. Wakati huohuo jiji lilikuwa likisubiri kibali cha mkopo wa dola milioni 39 kwa ajili ya mtambo wa umeme wa kuendeshea pampu. Kibali kinatolewa na tume ya jimbo la Louisiana. Mwanasheria Mkuu wa jimbo wakati huo, Jeff Landry, ambaye leo ndiye gavana, aliitaka tume ilizuie jiji hadi litii. Tume ikaahirisha. Ikaahirisha tena. Ulikuwa msimu wa vimbunga. Ilipitisha mkopo Septemba.

Mimi naona ni jambo la aibu kumbana mtu kwa maji ya mafuriko ili akubali sheria ya kutoa mimba. Bibi kizee wa mtaa wa chini hakuwamo katika kikao chochote kati ya hivyo. Lakini kama somo la utawala liko wazi kabisa: jimbo halikuhitaji kutuma polisi. Lilishika mfuko.

Florida walitumia njia fupi zaidi. Andrew Warren alikuwa mwendesha mashtaka wa kaunti ya Hillsborough, iliko Tampa, amechaguliwa mara mbili. Alitia saini tamko la pamoja la waendesha mashtaka kwamba hawatashtaki kesi za kutoa mimba. Tarehe 4 Agosti 2022 Gavana Ron DeSantis alimsimamisha kazi, akatolewa ofisini akisindikizwa na askari. Jaji wa shirikisho alisema baadaye kwamba gavana alikosea, lakini hakuwa na uwezo wa kumrudisha. Novemba 2024 Warren aligombea tena, akashindwa na yule aliyewekwa na gavana mahali pake. Texas nayo mwaka 2023 ilitunga sheria inayoruhusu mahakama kumwondoa mwendesha mashtaka anayetangaza kwamba aina fulani ya kesi hataigusa.

Na San Antonio ilipotenga dola 100,000 Aprili 2025 kusaidia nauli za wanawake wanaokwenda kutoa mimba majimbo mengine, Mwanasheria Mkuu Ken Paxton alifungua kesi, mahakama ya rufani ikazuia fedha hizo, na bunge la jimbo likapitisha sheria ya kukataza miji yote ya Texas kufanya hivyo.

Kwa nini jiji linabanwa kirahisi namna hii? Kwa sababu katiba ya Marekani haitaji miji hata mara moja. Inataja shirikisho na majimbo. Jiji ni mtoto wa jimbo. Mahakama ya Juu ilisema hivyo mwaka 1907, kwamba jimbo linaweza hata kulifuta jiji likitaka. Lakini mtoto huyuhuyu ana kinga dhidi ya Washington. Mwaka 1997, katika kesi ya sherifu wa Montana aliyekataa kufanya ukaguzi wa wanunuzi wa bastola kwa niaba ya serikali kuu, mahakama iliamua kwamba Washington haiwezi kuwatumikisha maofisa wa majimbo na wa chini yake. Sherifu yule alikuwa akitetea bunduki. Leo kesi yake inatajwa na majiji yanayotetea mambo ambayo huenda yeye asingeyapenda.

Kwa hiyo siku Bunge la Marekani likipitisha marufuku ya nchi nzima, na mwaka 2022 Seneta Lindsey Graham alipeleka muswada wa wiki 15 ambao haukupita, jiji la Chicago au San Francisco litakuwa na haki kubwa zaidi ya kukunja mikono kuliko Austin ilivyo nayo leo. Lisichoweza ni kuizuia mikono ya Washington yenyewe: wapelelezi wa FBI, waendesha mashtaka wa shirikisho, na mamlaka ya dawa inayoamua vidonge vya kutolea mimba vya mifepristone viuzwe au visiuzwe.

Msidhani kukataa huku ni kwa upande mmoja. Mwaka 2021 wapiga kura wa Lubbock, Texas, walipiga marufuku kutoa mimba ndani ya mji wao wakati nchi nzima bado ilikuwa na haki hiyo. Miji ya Hobbs na Clovis huko New Mexico, jimbo linaloruhusu, ilitunga sheria ndogo za kuzuia kliniki. Januari 2025 Mahakama ya Juu ya New Mexico ilizifuta. Anayeshangilia jiji likikaidi jimbo leo, kesho atalia kwa kaida hiyohiyo.

Kuna pia mkono mdogo kabisa, wa karani. Mahakama ya Texas ilimtoza daktari wa New York zaidi ya dola 100,000 kwa kumtumia mwanamke wa Texas vidonge kwa posta. Ili fedha zikusanywe, hukumu lazima isajiliwe New York. Machi 2025 karatasi zilifika kwa Taylor Bruck, karani wa kaunti ya Ulster, naye akakataa kuzigonga muhuri akitaja sheria ya New York inayowalinda madaktari wake. Texas ilituma tena Julai, akakataa tena, Paxton akamshtaki.

Mfuko wa nani?

Tumeona mikono. Makatazo ya nchi nzima, yale ya Washington, kwa sehemu kubwa hupitia mfukoni. Tangu 1976 fedha za shirikisho haziruhusiwi kulipia utoaji mimba isipokuwa kwa sababu chache, ambazo leo ni uhai wa mama, kubakwa na kupata mimba kwa maharimu. Kwa kuwa bima ya maskini inategemea fedha hizo, mwenye nacho hakuguswa, asiye nacho ndiye aliyefungiwa mlango. Majimbo kadhaa yameamua kulipa kwa kodi zao wenyewe, na Washington haiwazuii.

Mfuko huu unatufikia hata sisi. Mwaka 1984 serikali ya Rais Reagan iliweka sharti kwamba shirika la nje linalopokea msaada wa Marekani wa uzazi wa mpango lisitoe mimba wala kuitetea huduma hiyo, hata kwa fedha lililopata kwingine. Rais wa Democratic akiingia analifuta, wa Republican akiingia analirudisha. Mara ya mwisho lilirudi Januari 2025. Kwa miaka 40 kliniki za Kenya, Uganda na Tanzania zimekuwa zikipanga bajeti huku zikitazama uchaguzi ambao hakuna hata mmoja wetu anayepiga kura.

Jiji moja la Marekani linaifahamu hali hiyo vizuri. Ni Washington yenyewe, makao makuu ya nchi. Si jimbo wala haimo ndani ya jimbo, na wakazi wake karibu 700,000 hawana mbunge mwenye kura. Kutoa mimba huko ni halali. Lakini Bunge lina kauli ya mwisho juu ya bajeti ya jiji, na kwa miaka mingi limelikataza kutumia hata kodi zake lenyewe kuwalipia wanawake maskini. Ni kama Dodoma iiambie Kinondoni ushuru wa masoko yake usinunue dawa fulani ambayo sheria inairuhusu. Austin ina mikono na haina sheria. Jiji la Washington lina sheria na mfuko wake umefungwa na mtu mwingine.

Mwishoni mwa 2009 Bunge liliondoa katazo hilo, jiji likaanza kulipa. Aprili 2011, usiku wa mabishano ya bajeti, Ikulu na viongozi wa Bunge walikubaliana ili serikali isifungwe kwa kukosa bajeti, na katika mapatano hayo katazo likarudishwa. Jiji halikuwa na mtu mezani. Tarehe 11 Aprili Meya Vincent Gray, madiwani na wananchi waliketi katikati ya barabara karibu na majengo ya Seneti wakazuia magari. Watu 41 walikamatwa, meya akiwa mmoja wao.

Meya ana polisi wake, maelfu. Waliomfunga pingu siku hiyo hawakuwa hao. Walikuwa polisi wa Bunge, na sharti alilokuwa akilipinga limeendelea kurudiwa katika bajeti baada ya bajeti.